Fundi wa Sauti Kizimbani

Hakimu, kipaza sauti kilikuwa changu.
Nilikifunga mwenyewe, uwanja wa stesheni, Prešov,
theluji ikinidondokea kwenye nyaya.

Mheshimiwa Vavrek hakusema "choma".
Hilo nakiri, na kanda inakiri.
Alisema: "Mnajua wanakoishi."
Kisha akanyamaza.
Sekunde nne; nimezipima.
Ndani ya hizo nne shingo ziligeuka,
moja, tatu, uwanja mzima,
kuelekea ng'ambo ya reli.

Wakili wake asema ulimi hauna kiberiti.
Kweli. Lakini moshi niliuona,
na Bi Demeterová akitoka na cherehani kifuani,
nywele zimeungua upande mmoja,
akiuliza kila apitaye: nani kawatuma?
Kila apitaye akatazama viatu vyake.

Leo mheshimiwa kavaa tai ya kijivu. Kasema pole,
pole ya chinichini, hata karani kamwomba arudie.
Siku ile hakuombwa.

Nami mniandike.
Aliponyamaza nilidhani waya umelegea.
Nikapandisha sauti mpaka mwisho.
Pumzi yake ikasikika hadi relini.