Miraba Miwili

Kanuni ya kwanza Kondo aliiandika kwa chaki
kwenye mlango wa friji bovu tunalotunzia nguo:
CHUMA KUSHOTO. SHABA KULIA. MAKAA YASIGUSE KITU.
Nilidhani ni mambo ya kazini,
kule kiwanda cha sabuni anakofunga maboksi hadi saa mbili usiku.
Kumbe ni kiwanda kingine, cha ndani ya kioo,
kwenye kompyuta ya mtumba aliyoitoa Kariakoo,
inayounguruma kama feni iliyomeza mchanga.

Changu mimi kilikuwa aibu.
Mkanda ulipotaka kupita ulipita,
ukazunguka tanuri, ukarudi ulikotoka,
chuma na shaba vikapanda mgongo mmoja
kama ndugu wanaogombania mirathi.
Gia zikakwama. Taa nyekundu kila kona.
Kondo akachungulia begani kwangu, akasema neno moja:
"Vingunguti."

Akavunja vyote. Nilinuna.
Kisha akanifundisha, kama fundi anayemshikisha mwanagenzi timazi:
mikanda minne, halafu acha miraba miwili.
Mikanda minne tena, miraba miwili.
Anayevuka azame chini, aibukie ng'ambo,
asimkate mwenzake kauli.
Treni ziende kushoto, kama magari yetu hapa.
Kabla ya makutano weka taa; baada yake
acha urefu wa treni nzima, mkia usilale njiani.
Na mkanda unaochepuka uchepuke kulia, daima kulia,
hata kama kushoto ni karibu,
ili hata ukiamshwa usiku wa manane
mkono ujue pa kwenda bila kukiuliza kichwa.

"Na hii miraba mitupu ni ya nini?"
"Ya kitu usichokijua bado."
"Nikishakijua?"
"Utakuta nafasi inakingoja."

Nilimwona mbadhirifu. Ardhi yote ile, ikae bure!
Nikapanda humo taa za mapambo, kisha tanuri dogo, moja tu,
na la pili la kulisindikiza la kwanza.
Aliporudi, mikono ikinuka ndimu ya sabuni,
aliyaona kabla hajavua viatu.
Hakufoka. Alikaa kitandani kimya, kisha akanisimulia
mwaka ule wa mvua, mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni.

Nyumba yetu ilikuwa na uchochoro upande wa mashariki.
Mzee Tosiri akasogeza ukuta hatua moja, apate jiko.
Mama Shukuru akasogeza hatua moja, apate choo.
Baba naye akasogeza, asionekane mjinga.
Hatua moja moja. Nani alikuwa akihesabu?
Gari likasimama kule barabarani, taa zinawaka,
likashindwa kuingia.
Wakang'oa mlango wa chumbani, wakamlaza Mama juu yake,
na mlango haukukata kona.
Wakarudi nao nyuma, wakauinua juu ya ukuta wa Mzee Tosiri,
mikono ikipokezana, taratibu,
kama mkanda uliopungukiwa umeme.

Hakusema mwisho wake.
Mwisho wake ni ile picha iliyo juu ya friji.

Matanuri niliyavunja mwenyewe.
Mwezi wa pili yakaja mafuta, yakataka mabomba,
na mabomba yakapita pale pale, mawili, bila kumsukuma mtu.

Leo asubuhi jirani mpya ameshusha matofali.
Kondo yuko nje na suruali ya kazini,
anapima kwa nyayo, anachora chini kwa chaki,
na sauti ya jirani naisikia hadi humu:
"Wewe nani, afisa ardhi? Kiwanja changu, hati ninayo!"
"Hatua mbili tu, kaka."
"Za nini?"
Kondo kanyamaza. Huenda anatafuta neno.

Kwenye kioo, treni ya makaa imesimama kwenye taa,
mkia wake uko nje ya makutano,
haipigi honi.
Umeme wa luku umebaki uniti tatu.
Nachukua chaki nyingine juu ya friji, natoka.