Kibofu, Tuongee

Kibofu changu, leo sina kapu mgongoni.
Nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya jiko,
na mvua ya Tukuyu inagonga bati
kama mdai aliyechoka kuambiwa njoo kesho.

Nilikunyima maji katika nchi ya maji.
Mito inashuka Rungwe ikipiga kelele usiku kucha,
migomba inachuruzika, hata mawe yana jasho,
na mimi napanda shamba la juu saa kumi na mbili
na kikombe kimoja cha chai, tena nusu,
kwa sababu choo kiko bondeni, kwenye mizani,
na kushuka na kupanda ni kilo tatu
atakazochuma mwenzangu.

"Baridi hii, kiu itoke wapi?" nilisema.
Ukaniita saa tatu. Nikabana.
Saa sita ukaniita kwa jina langu lote, Tusekile Mwakalinga,
nikabana, nikahesabu:
mawili na chipukizi, mawili na chipukizi,
mpaka ukaacha kuita
ukaanza kuuma.

Matone matatu. Ya moto, kama maji ya kunyonyolea kuku.
Usiku ule nilitoka mara tisa na tochi ya simu,
na Ambakisye alihesabu kila mlango ulipolia.
Asubuhi hakuniuliza naumwa nini.
Aliuliza, "Ulikuwa na nani?"

Nikanunua vidonge kwa kunong'ona:
vinne, vya rangi mbili, vya elfu moja,
vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto.
Siku ya pili maumivu yakanyamaza.
Nikadhani yamekufa.
Yalikuwa yamejibanza tu, yakijifunza sura ya dawa.

Yaliporudi yalikuja na homa. Yalipanda.
Ubavu wa kulia ukawa mlango unaopigwa ngumi.
Subilaga aliacha kapu lake shambani, na kilo zake,
akanipakata kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya.

Kijana wa maabara akanipa kikopo.
"Wa kwanza uache uende, mama. Umeosha njia.
Kinga wa katikati, ndio unaosema kweli."

Na daktari, sweta juu ya koti jeupe:
"Hujarogwa. Wala hii si hukumu ya uasherati.
Ni vijidudu vya tumboni mwako vimepotea njia,
vikaingia nyumba isiyo yao, vikakuta maji yamesimama.
Figo imeshaguswa. Ungekuja juzi."
Kisha akamwita Ambakisye ndani, peke yake.
Sijui walisemezana nini.
Alitoka ameshika kofia mkononi,
akanunua chupa ya maji, akaifungua mwenyewe.

Sindano siku mbili, vidonge siku kumi.
Siku ya nne nilikuwa mzima kabisa,
nikaendelea kumeza
kama mtu anayelipa deni ambalo mdai amelisahau.

Nimemfundisha Atuganile kujipangusa mbele kwenda nyuma.
Akauliza kwa nini.
Nikamwambia, taka hazifagiliwi kuelekea mezani.
Na usiku, baada ya yale ya watu wazima,
nanyanyuka, baridi isiwe baridi,
naye Ambakisye, usingizini nusu,
ananisogezea kandambili kwa mguu.

Jumatatu, wanawake kumi na saba,
tuliweka makapu chini mbele ya nyapara.
Subilaga alisema neno moja: choo.
Nyapara akatazama mawingu. Ataandika barua, kasema.
Barua hazikojoi.
Tumechimba shimo wenyewe, kule juu,
tumezungushia majani ya migomba,
na dumu la maji, na kipande cha sabuni kwenye kamba.

Basi kesho, saa tatu, ukiniita,
ita kwa sauti ya kawaida.
Nitaliacha chipukizi kwenye mti.
Lenyewe linaweza kusubiri.