Kiputo

Chande kaleta gunia kutoka shimoni, Kisutu,
wanakochimba msingi wa jengo la ghorofa kumi na nane.
Kilo kumi na tisa. Nikatoa mbili za udongo.
Chupa za bia, chupa za dawa ya kifua,
na kitako cha bilauri
kizito kama ngumi ya mtoto aliyelala.

Nilikisugua kwa upindo wa kanga. Taji likajitokeza,
dogo, limechongwa kwa subira,
chini yake herufi mbili zimekumbatiana.

Bwana Jivraj wa duka la vitu vya kale
alifika kabla ya adhuhuri, lenzi jichoni.
"Hiki cha kiwanda cha mfalme," akasema,
"huko ng'ambo, ambako tanuri lilikuwa na walinzi,
na fundi aliyetoroka na siri ya rangi nyekundu
alirudishwa kwa pingu."
Hakusema mfalme gani. Alitaja bei.
Nikanyamaza; kimya nacho hupandisha bei.

Jioni nikampelekea baba, Keko.
Mzee Kondo: miaka thelathini na mmoja
kwenye tanuri la Chang'ombe,
mashavu yamelegea kama mifuko iliyobebeshwa sana,
kifuani mluzi aliorudi nao nyumbani
badala ya kiinua mgongo.
Kabla ya mashine alipuliza kwa bomba
chemni za taa, vidau vya wino,
na mabaki yake, gololi zetu.

Taji hakuliangalia.
Alikiinua kwenye balbu, akakizungusha,
kidole gumba kikasimama.
"Hapa."
Kiputo, si kikubwa kuliko chembe ya ulezi.
"Mkaguzi alisinzia. Cha hivi huvunjwa.
Huyu alichoka, au alikohoa,
au mtu alimwita jina lake."

Akacheka mpaka mluzi ukamkata.
"Mfalme kapiga muhuri wake nje.
Humu ndani, mwanangu, ni pumzi ya fundi.
Haijatoka mpaka leo."

Nikamuuliza: nikiuze, au kiende tanurini na wenzake?
"Tanurini kitayeyuka na chupa za soda,
hakitauliza nani ni nani," akasema,
kisha akaomba chai.

Bwana Jivraj amepiga simu mara tatu.
Kitako kipo mezani, kinazuia
stakabadhi za mizani zisipeperuke.
Usiku baba akikohoa chumba cha pili
najikuta nakitazama,
kama vile mle ndani kuna mtu
anayetaka kuitikia.