Mwavuli wa Bi Mize

Barua zake zilifika Alhamisi, zimekunjwa mara nne,
zikinuka karafuu na kabati.
Nilikuwa karani wa maji, Halmashauri ya Tanga,
dirisha la tatu, lenye kioo kilichozibwa kwa gamu.
Wengine walinung'unikia bili. Yeye alidai kwa shairi:

    Karani, nimeandika, kwa adabu na salamu,
    Miche imeshakauka, mwezi wa pili watimu,
    Bomba lenu lanicheka, lapiga chafya kwa zamu,
    Maji yakiwa haramu, niandikie kwa wino.

Nikamjibu kama nilivyofunzwa:
"Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa."
Karatasi ileile ikarudi, kalamu nyekundu pembeni:
"Na mchwa?"

Bi Mize binti Akida Hatibu. Ukoo wa majoho na majambia,
ukoo uliopishwa njiani hadi kuvuka Chongoleani.
Kwao palikuwa na mwavuli wa kijani wenye vishada vya hariri,
haukufunguliwa kwa mvua wala kwa jua la watu,
ila kwa kichwa kimoja, siku ya Idi.
Nami nilipotumwa kumkatia bomba
nilimkuta Bustani ya Ngazi, amepiga magoti,
kanga ya kufulia kiunoni, udongo hadi viwikoni,
na mwavuli wa mababu umechomekwa ardhini
juu ya miche sita ya mikilua.

"Mwavuli mzuri," nikasema, sikuwa na la kusema.
"Miaka sitini umelala kabatini. Shika hapa."
Nikashika. Spana ikabaki mfukoni.

Bustani ile wazee waliikumbuka kwa bendi na taa,
vijana kwa mbuzi na haja ndogo.
Chemchemi imejaa chupa, ngazi arobaini na mbili
zimeliwa na mizizi.
Aliuza kiti cha mpingo: ngazi kumi zikanyooka.
Aliuza vikuku vya mama yake: chemchemi ikakohoa, ikasema.
Aliuza minazi ya Kigombe: wapwa wakaacha kumwamkia.
Mjini wakasema, mwungwana kawa kibarua, kapungukiwa.
Wakasema, anatafuta kura.
Wakasema, iko dhahabu ya Mjerumani chini.
Watoto wakaja usiku kuichimba.
Asubuhi akapanda mirihani kwenye mashimo yao,
akawatumia visheti kwa kazi nzuri.

Kwa nini? Nilimuuliza mara moja tu.
Akanishusha hadi ngazi ya mwisho,
akakwangua kuvu kwa kijiko cha chai.
Herufi za Kiarabu, msumari wa mtu mwenye haraka:
*Mabruki na wenzake thelathini. Hatukulipwa.*

"Aliyewaleta hapa kwa kiboko," akasema,
"ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua.
Nilimpenda babu yangu. Sasa nifanyeje?"
Akafuta kijiko kwa ncha ya kanga.
Nilidhani angelia. Aliniuliza kama samadi imefika.

Jina lake hakulichonga popote.
Lile la ngazini alilipitishia chokaa kila Shaabani,
kwa unyoya wa kuku, herufi moja moja,
na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.
Nami nilirudi ofisini, nikapekua mafaili ya zamani
kumtafuta babu yangu. Hayumo.
Au ni mmoja wa wenzake.

Alikufa Jumanne, katikati ya kiangazi,
maji yakitoka siku hiyo kwa nguvu ya ajabu.
Bili yake iko wazi hadi leo, shilingi elfu nne na mia mbili.
Ningeweza kuifuta. Sikuifuta:
nilitaka abaki na deni moja
ambalo si la ukoo.

Mwavuli umeoza kitambaa, zimebaki mbavu,
na afu imezipanda, imetanda hadi njiani.
Anayetaka kupita, awe nani,
huinama kidogo.