Shubiri Mbili za Bafta

Saa nne asubuhi, na humu ndani bado ni alfajiri:
kuta za matumbawe, unene wa mkono mzima,
dirisha moja, nalo latazama ukuta wa jirani.

Bi Mwanashee ameketi kwenye kiti cha plastiki,
nyuma yake chokaa mbichi aliyoipaka Twalibu jana.
Picha ya paspoti. Hija, akijaaliwa,
baada ya miaka kumi na tisa ya kudarizi kofia
na kuweka hela ndani ya kopo la maziwa.

Napiga flashi tupu, kujaribu.
Pua inatupa kivuli kama ufa,
mashavu yanawaka kama sinia lililosuguliwa majivu,
macho kayafumba.
"Mato yangu! Hii si picha, umenipa kofi."

Nafungua mkoba. Softiboksi inakunjuka kama mwavuli
uliokosea njia: fito nne, ngozi nyeusi nje,
fedha ndani, na mbele pazia jeupe.
Pazia lilikuwepo nilipotoka nyumbani.
Kichochoroni Langoni punda alinibana,
shogi limejaa kokoto; nikasikia kitu kikichanika
nikadhani ni buibui langu.

Nimeanza kuomba radhi: pazia jingine liko Mombasa,
bei ya mbuzi, siku tatu kufika.
Yeye ameshainuka.
Kasha linalia bawaba, harufu ya karafuu maiti inatoka kwanza,
kisha, imekunjwa mara nane,
bafta.

Ni bafta ya nini, nyumba hii nzima yajua.
Hata wajukuu wakitafuta shuka huipita kimya.
"Bi, hiyo..."
"Hii ni yangu. Nipimia."

Vipande vitano, asema, vya mwanamke,
"na tangu niinunue nimekonda. Imezidi."
Shubiri mbili kwa shubiri mbili, na kidole cha upindo.
Makasi yanakula polepole.
Anashona bila miwani, mshono ule ule wa kofia,
mdogo kama yai la sisimizi.
"Haitaungua?"
"Haiungui. Mwanga ni wa mara moja tu."
"Mara moya," anarudia, anakata uzi kwa meno.

Nikabonyeza.
Mwanga ukatoka kama tui kifumbuni,
makapi yamebaki nyuma.
Haukumpiga. Ulimkalia,
ukaingia kwenye mikunjo ya macho, ukaipumzisha.
Bafta ya zamani ina umanjano wake:
uso ukashika rangi ya samli changa.
Macho wazi.

Ofisini watataka weupe. Nakala yao nitaisawazisha;
yangu siigusi.

Akatazama kioo cha kamera kitambo.
"Kumbe nitaonekana hivi."
Wapi, sikumuuliza.

Akaokota nyuzi zilizoanguka mkekani, moja moja,
akazirudisha kashani.
Kisha akanilipa, kasoro shilingi hamsini:
"Za kitambaa. Ushoni nimekupa."