Siku za Mnyoo

Siku za mwizi ni arobaini.
Za mnyoo huyu ni arobaini na tano,
nami nazihesabu kwa makaa kwenye mlango wa ghala,
vijiti vitanovitano, mistari tisa.
Leo wa tisa umejaa.

Njoo, Tizón. Jina lako ni kijinga cha moto
lakini mjinga huna hata chembe:
umeshanusa kidonge ndani ya jibini
na sasa waitazama milima ya Aysén
kana kwamba kuna kondoo anayekuita kwa jina.
Capitana amemeza. Huacho amemeza na kidole nusura akimeze.
Wewe umelamba jibini yote, kidonge ukakitema
thelujini, cheupe juu ya weupe,
nami niko magotini nikipapasa
kama aliyedondosha pete ya ndoa.

Hatukuwa hivi.
Siku ya kuchinja Baudilio alimpasua kondoo,
akatoa ini lenye malengelenge, akasema, "Hili bovu,"
akamrushia mama yako. Alilidaka hewani.
Tulicheka, tukampigia makofi.
Usiku alituramba viganja karibu na jiko,
na kwa viganja hivyohivyo tukamega mkate.

Miaka kumi na moja baadaye, hospitalini Coyhaique,
picha ilionyesha ndani ya mume wangu
mfuko wa maji, mkubwa kama chungwa,
uliokuwa ukikua taratibu, bila haraka, bila kodi.
Daktari alimkata ini.
Mimi nilikatwa maini.
Alirudi na mshono toka mbavuni hadi kitovuni,
akaketi kizingitini, wewe ukiwa kitoto bado,
ukamjia mkia ukifagia vumbi.
Hakukufukuza. Alikutazama kitambo,
akauliza, si mimi, si wewe:
"Sasa hapa nani alimpa nani?"

Yasna Cárcamo wa mifugo huja na gari la matope tupu,
sanduku la barafu kiti cha mbele,
limefungwa mkanda kama abiria mwenye nauli.
Humo mna chanjo ya kichaa, na ya homa ile
iliyofagia watoto watano wa Capitana kwa juma moja.
Amekuandikia kadi yenye mihuri kuliko cheti changu cha ubatizo.
Mahali pa "kazi" ameandika: mchungaji.

Jirani Eleuterio alikuja kucheka.
"Mbwa wa babu yangu hawakumeza vidonge."
"Na babu yako aliuawa na nini?"
"Tumbo."
Akanyamaza. Maji ya mate yakapoa mkononi mwake.
Akaomba vidonge viwili, kisha akarudi
toka getini, akaomba cha tatu.

Nimekipata. Fungua kinywa, mzee.
Nakiweka nyuma kabisa ya ulimi, nakufumba taya,
nakusugua koo polepole
mpaka nisikie kile kiguu kidogo kikishuka ngazi.
Huko nje Baudilio anachemsha maini, nusu saa kwa saa ya ukutani,
anatukana harufu, anaapa ni mara ya mwisho.
Atachemsha tena Jumamosi.

Haya, nichukie. Jioni utakuwa umesahau.
Mimi nanawa mikono kwa sabuni, mara mbili,
nachukua kaa,
natafuta nafasi kwenye mlango.