Samaki wa Birika

Bi Mwanamkuu alinipokea kizingitini
na bakuli la kaure mkononi,
ndani yake samaki sita wadogo, matumbo juu.
"Mai yenu," akasema, "yamewauwa.
Wamekaa birikani mwangu tangu enzi za marehemu,
wakila viluwiluwi vya mbu, wasiniombe kitu.
Haya, fungua hilo buku lako, andika."

Nikavua viatu.
Nikashuka ngazi tatu za chokaa, nikachota
katika maji yaliyoingia jana usiku,
nikakijaza kichupa mpaka alama,
nikadondosha kidonge, nikatikisa.
Tukasubiri, yeye na mimi,
kama wanaosubiri chai ikolee.
Rangi ikaja. Waridi,
si la mzaha: waridi la kanga isiyoonja maji.
Nukta tano.

"Dawa ipo," nikasema.
"Naiona. Na maiti wake hawa."

Sikumjibu, maana jibu langu lilikuwa refu
na lilianzia Shela, visimani, nyuma ya vilima vya mchanga,
ambako mvua ya miaka mingi imelala juu ya chumvi
kama mafuta juu ya mchuzi;
ukivuta kwa pupa, umevuta bahari.
Hapo pana pipa la dawa, la buluu, mfuniko umepasuka.
Tangu Mfungo Mosi
hadi wageni wa Maulidi walipoanza kushuka gatini
pipa lile lilikuwa tupu.
Tuliandika barua. Barua ikajibiwa kwa barua.

Nami kila asubuhi nilizunguka Mkomani na Langoni,
nikafungua mabomba, nikanawa uso,
nikajaza safu: nukta tatu, nukta tatu, nukta tatu,
kwa mwandiko ule ule niliosifiwa chuoni.
Vidonge vya kupimia vikabaki kwenye karatasi zake,
mashahidi ambao hakuna aliyewaita.

Miezi ile samaki wa Bi Mwanamkuu walinenepa.
Wakazaa.
"Mai ya mwaka huu mazuri," akaniambia, "hayanuki."
Nikainywa sifa yake pamoja na kahawa yake ya tangawizi.

Kisha bomba likapasuka Langoni, chini ya mtaro,
usiku huohuo umeme ukakatika, msukumo ukashuka,
na bomba lisilo na msukumo ni mdomo:
hunywa kilicho karibu.
Watoto kumi na mmoja wakalazwa.
Wa mwisho kutoka alikuwa Aboud, wa yule fundi cherehani,
kabebwa begani, mwepesi
kama nguo iliyokatwa bado haijashonwa.
Hakufa. Nalisema hili haraka
kwa kuwa hata siku ile nililisema haraka,
hakufa, hakufa, njia nzima mpaka nyumbani,
kama mtu aliyepotewa na hesabu ya tasbihi.

Pipa likajazwa kwa siku moja.
(Kumbe pesa zilikuwako.)
Nikaanza kupima kweli.
Samaki sita wakafa.

Yote haya nilimwambia nimechutama ngazini,
huku kichupa kikinipoa mkononi.
Hakunilaumu. Wala hakunisamehe.
Alilichukua buku, yeye asiyejua tarakimu za ofisi,
akapitisha kidole juu ya safu ile, chini, chini,
ukurasa, na ukurasa wa pili.
"Mwandiko mzuri," akasema.
Akaenda kuwafukia samaki kwenye kopo la mrehani.

Siku hizi ya kunywa huyakinga bombani moja kwa moja,
kwenye mtungi wenye kifuniko.
Birika hulijaza, huliacha siku mbili
dawa ipae, ndipo huwatia samaki wapya,
wanne tu, alioletewa na jirani.
Na kila Jumatatu hunisubiri.
Hataki nimsomee.
Hukitwaa kichupa, hukisogeza kwenye mwanga wa dirisha,
kisha hunitazama mimi, si rangi,
mpaka nimalize kuandika.